Ukuta Ambao Haukuanguka

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Walikuwa watu wazima na hawakuwa waongo, ila hawakubahatika kumjua Barnabas. Barnabas aliuziba ufa. Aliuziba vizuri, akaulainisha kwa brashi ya maji mpaka uso wake ukawa kama sahani ya harusini, na ukuta bado ukamjia.

Ukuta wenyewe ulikuwa wa nyumba ya Bi Maisara, Mji wa Kale, ule upande unaotazama kichochoro. Nyumba za huko zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na dari zake zimelala juu ya boriti za mikoko ambazo vichwa vyake vimezamishwa ndani ya kuta. Ukuta wa namna hiyo ni kama mtu mzee. Mvua ikinyesha wanywa maji, jua likitoka wayatoa kama jasho. Wataka kupumua. Ukiupaka chokaa, hupumua. Ukiupaka simiti, ni sawa na kumvika bibi kizee koti la plastiki halafu umwambie asimame juani asubiri wageni.

Barnabas aliyajua hayo, na hapo ndipo penye uchungu. Alipoteremka pwani kutoka Machakos akiwa kijana alibeba karai kwa mafundi wa chokaa, wakamfundisha kuiloweka shimoni wiki baada ya wiki mpaka iwe laini kama malai ya maziwa. Lakini Bi Maisara alikuwa na harusi ya mjukuu wake, na chokaa haijui harusi ya mtu. "Fundi," alimwambia, "ukuta wangu nautaka mweupe kabla ya wakwe kuja. Usinambie habari za shimo." Barnabas akajiambia kwamba koti jembamba la simiti halijaua mtu. Akalipiga. Asubuhi lilikuwa limekauka, na kufikia adhuhuri nusu ya mtaa ilikuwa imepita kulipapasa, wengine wakiegemeza na mashavu.

Alikaa katika nyumba hiyo hiyo, chumba cha chini, pamoja na mkewe Kasyoka na binti yao Mwende aliyekuwa kidato cha pili. Kodi hawakulipa. Sharti lilikuwa kwamba kila kinachovuja, kinachopasuka na kinachogugumia ndani ya nyumba ile ni mzigo wa Barnabas. Na ukuta ule mweupe ulikuwa umemletea neema nyingine: msimamizi mmoja wa ujenzi kule Kizingo, Samuel kwa jina, aliupiga picha kwa simu yake, akamwambia aje Jumatatu aongoze mafundi wa plasta. Kazi ya kuandikwa. Kazi yenye bima ya hospitali. Kasyoka alipoisikia ile habari ya bima alikaa chini kwanza.

Kwa hiyo mtu aseme atakavyo, ukuta ule ndio uliokuwa umeishika familia ile isianguke.

* * *

Siku moja kabla ya hina ya bi harusi, Kasyoka alikuwa mlangoni akikaanga kachiri. Ndiyo iliyokuwa biashara yake, mihogo aliyoikata nyembamba kama karatasi akaikaanga mpaka ikakunjamana, na watu wa ofisini waliipenda kwa pilipili na ndimu. Alichota kachiri moja akaitia mdomoni kuijaribu. Meno yakalia.

"Baba Mwende," aliita, "hebu njoo. Nyumba hii yanikaangia mchanga."

"Ni upepo."

"Upepo gani wenye mchanga mweupe? Jana mteja amenirudishia pakiti huku ameshika taya. Ameniuliza, mama, hii ni kachiri ama ni mjengo?"

Barnabas alitoka akicheka, kisha akaangalia juu. Pale plasta ilipokutana na dirisha palikuwa na mstari mwembamba, na kutoka katika mstari ule unga mweupe ulishuka taratibu kama chumvi katika vidole vya mpishi. Akaugonga ukuta kwa kifundo cha kidole. Ukuta ulimjibu kama debe tupu.

Aliingia ndani akatoa timazi yake, uzi wenye risasi nchani, akaifunga kwenye nondo za dirisha la juu akaiacha ishuke. Mtu yeyote anaweza kuisoma timazi. Uzi ukisimama mbali na ukuta kwa kipimo kimoja juu na chini, lala usingizi. Uzi wa Barnabas ulishuka kidogo tu, ukaugusa ukuta katikati, ukalala juu yake kama mkono juu ya tumbo, halafu ukaning'inia mbali huko chini.

"Una miezi mingapi?" Kasyoka alitania. Kisha akaiona sura ya mumewe, akalizima jiko.

Katika miaka yake ya mjengo Barnabas alikuwa amejifunza mambo machache, na kama fundi yeyote alipenda kuyasema kwa watu waliokuwa hawajamuuliza. Usisimame chini ya kitu ambacho hukukifunga wewe. Mwenye nyumba husifu rangi, msingi hausifu. Timazi haina urafiki: haijui kama umechoka, kama umekula, wala kama Jumatatu unaanza kazi yenye bima. Siku zote aliyasema hayo kwa sauti ya mwalimu. Siku ile yalimrudia moja moja kama wadai, naye hakuwa na mlango wa nyuma.

"Maji yaliyoingia miaka yote kwa ule ufa yamefungiwa ndani," alisema. "Hayana pa kutokea. Yanakula chokaa ya zamani, na yanakula vichwa vya boriti. Na kesho wanawake watacheza chakacha pale juu."

"Kwani chakacha ni ya kuruka? Ni ya kiuno."

"Kiuno cha mtaa mzima kina uzito, Mama Mwende."

Kasyoka alitazama huku na huku kichochoroni, akateremsha sauti. "Nisikize. Kesho ni siku moja. Hina, basi, watu waenda zao. Jumatatu unaanza Kizingo. Ukishaandikwa, utamwambia bibi pole pole, utaubomoa, utaujenga kwa hiyo chokaa yako ya malai. Lakini ukifungua mdomo leo, chumba hatuna na kazi huna. Nyamaza siku moja tu. Mungu ataushika."

Maneno hayo yalikuwa na akili, na Barnabas alikuwa karibu kuyakubali. Ndipo Mwende akatokea mlangoni, amevaa dera la rangi ya zambarau linaloburura, ameshika pindo kwa vidole kama malkia.

"Bi harusi wetu Kulthum ameniazima," alisema. "Amesema kesho nikae upande wa dirishani, karibu naye. Baba, si nimependeza?"

Dirisha lenyewe lilikuwa lile lililofungwa timazi.

* * *

Bi Maisara alikuwa sebuleni juu, amezungukwa na masinia kama jemadari na mizinga yake.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, Banaba. Viatu."

Barnabas alirudi mlangoni akavua viatu. Soksi moja ilikuwa na tundu kwenye kidole gumba, akakificha kidole chini ya kile kingine.

"Bibi, nimekuja kwa ule ukuta. Naomba hina isifanyiwe juu."

"Ifanyiwe wapi? Kwenye bandari?"

"Kwa jirani. Au chini, uani."

"Uani pana ndoo na paka. Wakwe zangu waja kutoka Lamu, watu wa heshima zao, niwaketishe na paka?"

"Ukuta umetoka tumbo, bibi. Ile simiti imefungia maji."

Bi Maisara aliweka sinia chini. Alikuwa na macho ya mtu anayependa mabishano kuliko chakula. "Simiti nani aliyeipaka?"

"Mimi."

"Nani alosema pale mlangoni, mbele ya watu, kwamba itadumu kuliko mimi?"

"Ni mimi, bibi."

"Haya. Na mimi ningalipo." Akajipiga kifua kwa kiganja. "Nyumba hii ilijengwa na babu wa babu yangu. Imeona mizinga ya kweli. Leo ije iogope viuno vya wanawake?" Wanawake waliokuwa wakipepeta mchele pembeni wakaangua kicheko. "Sema kweli, Banaba. Wataka nyongeza. Mafundi nyote tabia yenu moja, harusi ikikaribia ndipo nyufa zaonekana."

"Sitaki kitu, bibi. Wallahi sitaki kitu."

"Waapa kwa Kiislamu na Jumapili waenda kanisani. Mpeni halua huyu, ashuke."

Walimfungia kipande cha halua kwenye gazeti wakamtia mkononi, kama mtoto aliyelia dukani. Akashuka nacho. Hakuwa na ujasiri wa kukitupa, wala wa kukila. Akampa Mwende, akamwambia kesho asipande.

* * *

Asubuhi yake alikwenda Kizingo kwa miguu, chini ya miti ya watu wenye magari. Samuel alikuwa getini mwa mjengo, kofia ya plastiki kichwani, shati limepigwa pasi mpaka linakwaruza.

"Fundi wangu! Jumatatu umeiona mbali?"

"Bwana Samuel, naomba kuazima miti. Ile mirefu ya kuegemezea."

"Ya nini?"

Hapo Barnabas angeweza kusema ya kujengea banda la kuku. Hakuna ambaye angekwenda kuwatafuta kuku. Alisema, "Ya kuzuia ukuta."

"Ukuta upi?"

"Ule."

Samuel alitoa simu, akaisugua kwa kidole, akaigeuza. Kwenye kioo ukuta ulikuwa unang'aa, na Barnabas mwenyewe amesimama mbele yake ameshika mwiko, anacheka kama mtu aliyezaa mapacha. "Huu?"

"Huo."

"Huu ndio niliomwonyesha mwenye nyumba hii. Nimemwambia, huyu ndiye atakayekupigia plasta." Alisema kwa upole, na upole ule ulikuwa mbaya kuliko tusi. Akairudisha simu mfukoni. "Kule nyuma kuna miti ya zamani. Imepindapinda, tulikuwa tunaipeleka jikoni kwa mama wa chai. Chukua hiyo, usirudishe."

"Asante sana."

"Na Jumatatu, fundi..." Samuel alimtazama mtu mwingine aliyekuwa akipita na toroli. "Jumatatu pumzika."

Barnabas alisema asante mara ya pili. Alikuwa ametoa kazi yenye bima, akapewa kuni.

* * *

Mkokoteni haukupatikana mpaka baada ya adhuhuri; miti ilipakiwa kwenye ule wa Kingi, Mgiriama mmoja mwembamba wa Mbaraki ambaye alivuta mizigo yote ya dunia huku akiisema vibaya. Kuanzia Kizingo mpaka Mji wa Kale aliulaani mti mmoja mmoja. Mara mbili miti iliteleza ikabidi waifunge upya katikati ya barabara, magari yakiwapigia honi. Walipoingia kichochoroni, swala ya alasiri ilikuwa imekwisha, na ngoma zilikuwa zimeshaanza.

Mlangoni alikaa mwanamke mnene juu ya kiti cha plastiki, miguu ameiweka juu ya kingine. "Leo hapaingii mume," alisema kabla hajaulizwa.

"Nahitaji kumwona Bi Maisara, dada yangu. Neno moja tu."

"Bi Maisara yuwacheza."

"Basi mwite binti yangu, Mwende, kama amepanda."

"Naye yuwacheza. Wewe je, huchezi?"

Kingi alicheka. Barnabas hakumsikia. Alikuwa ameinua kichwa anaitazama ile safu ya vichwa vya boriti chini ya dirisha, na kila ngoma ilipopigwa, unga ulitoka. Du, unga. Du, unga. Tumbo la ukuta lilikuwa limekua tangu jana; hakuhitaji tena timazi kuliona.

Kasyoka alikuwa palepale kwenye jiko lake, amekunja mikono. Alikuwa ameshaambiwa kwa simu habari za Jumatatu. Tangu hapo kachiri alizikaanga kwa namna ambayo mtu angezihurumia.

"Mama Mwende," Barnabas alisema, "panda wewe."

Kasyoka aligeuza kachiri.

"Mimi ni mwanamume, siruhusiwi. Na siwezi kuupiga nyundo wakiwa juu, utawashusha wote. Mti hauegemei plasta, unataka jiwe. Lazima nilitoe koti kwanza nilione jiwe. Washushe."

"Niwaambie nini? Wewe umesema kweli yote, ukapewa halua. Kizingo umesema kweli yote, ukapewa kuni. Mimi nikisema kweli nitapewa nini, Baba Mwende? Sufuria?"

Kipande cha ukuta ukubwa wa yai kikaanguka ndani ya karai. Mafuta yakaruka, yakamchoma mkono. Kasyoka alikitazama kile kipande kikizama na kutoa mapovu pale katikati ya kachiri. Akalizima jiko. Akajifuta mkono kwa leso, akampita mlinzi wa mlangoni kama hamwoni, akapanda.

Juu palikuwa na joto, udi na jasho. Ummukulthum, bi harusi mwenyewe, alikaa juu ya mto, mikono ameinyoosha hina ikiwa mbichi, na wanawake wamemzunguka wamefunga leso viunoni. Mwende alikuwa dirishani, anazungusha kiuno kwa bidii ya mtu aliyejifunza jana, anacheka.

"Jamani," Kasyoka alianza, "tafadhalini, ukuta..."

"Mama Kachiri! Ingia kati!" Mikono ikamvuta ndani ya duara. "Wakamba nao wacheze!"

"Ukuta unaanguka! Tushukeni!"

"Ametumwa na mumewe," Bi Maisara alisema bila kuacha kucheza, na kwa umri wake alicheza vizuri. "Jana alikuja yeye. Mpeni halua!"

Wakacheka. Ngoma ikapanda. Kasyoka alitazama kona iliyo nyuma ya kichwa cha mwanawe. Palikuwa na ufa ambao mtu angeingiza kidole, na ndani yake ulipita mwanga wa jua.

Kasyoka alikuwa mshika sadaka katika kanisa lake, pale kando ya Bondeni. Uongo alikuwa haupendi, ukitoa ule mdogo anaoambiwa mteja kuhusu umri wa mafuta. Alivuta pumzi mpaka chini kabisa.

"Nyoka!" alipiga ukelele. "Nyoka kwenye boriti! Huyo, huyo, anashuka!"

Ukweli ulikuwa umezipanda zile ngazi mara mbili ukarudishwa kwa halua. Uongo ulipanda mara moja tu, ukashuka na watu wote. Walishuka bila viatu, bila mabuibui, wengine bila ngoma zao. Yule mnene wa mlangoni alikimbia na kiti. Bi harusi alishuka amebebwa kwapani na shangazi zake, mikono juu ili hina isiharibike, kama mtu aliyekamatwa na polisi. Bi Maisara alishushwa wa mwisho, mgongoni mwa Mwende.

"Wameisha?" Barnabas aliuliza.

"Wameisha," alisema Kasyoka, akakaa chini kwenye jiwe.

* * *

Pigo la kwanza alilipiga mahali alipopapenda zaidi, pale katikati palipokuwa laini kama shavu. Plasta ilibanduka vipande vikubwa kama ukoko wa wali. Nyuma yake palitoka tope, chumvi na mchanga uliooza, ukamwagika mpaka kwenye magoti yake. Kichwa cha boriti ya kwanza kilipoonekana, Barnabas alikigusa kwa kidole kikadidimia, kama keki iliyomwagiwa chai. Ukuta ukatoa sauti, sauti ndefu ya mtu anayegeuka kitandani.

"Mti!" Barnabas alipiga kelele. "Kingi, lete mti!"

Kingi, ambaye hakuwa ameacha kulaani tangu Kizingo, aliacha. Waliinua mti wakauegemeza kwenye jiwe zima, wakaukaza kwa kabari chini. Wa pili, wa tatu, mpaka mkokoteni ukawa mtupu. Barnabas alibandika sikio kwenye ukuta. Ulikuwa umetulia.

Aligeuka. Alikuwa mweupe kichwa mpaka kidole, kama maiti aliyetoka kuoshwa, na usoni alikuwa karibu kutabasamu.

Hapo pengine mambo yangekwenda vingine. Wako waliokiona kichwa cha boriti wakashika midomo. Hata Bi Maisara alikuwa ametazama, na mkono wake ulikuwa umekwenda kifuani. Lakini mama mkwe kutoka Lamu, mwanamke mrefu mwenye dhahabu hadi kwenye pua, alijifunika kwa upindo wa leso kwa sababu ya vumbi, akauliza kwa sauti ndogo iliyosikika kila mahali:

"Ndiyo nyumba yenyewe hii?"

Bi Maisara angeweza kuusamehe ukuta. Swali lile hakuweza.

"Nyumba yangu ilikuwa nzima!" alipaza sauti. "Nzima, mpaka nyundo yako ilipoigusa! Umeivunja mwenyewe sasa wasema imeoza!"

"Bibi, tazama boriti."

"Boriti yoyote ukiipiga nyundo itakuwa hivyo! Na huyo nyoka yuko wapi?"

Vijana walikuwa wameshapanda na fimbo, wameshuka na fimbo. Macho yote yakamgeukia Kasyoka.

"Hakukuwa na nyoka," alisema Kasyoka.

"Ama mmemrudisha chupani?" sauti ilitoka nyuma. "Si Wakamba hawa na uchawi wao wa nyoka!" Wachache wakacheka, wengine wakarudi nyuma hatua.

"Magharibi isiwakute hapa," alisema Bi Maisara. "Na karai lenu."

Wanawake wakahamia na hina yao nyumba ya jirani, ngoma zikaanza upya. Barnabas na Kasyoka wakatoa vitu. Kitanda, jiko, godoro, picha ya harusi yao wenyewe, ndoo mbili za mihogo. Vitu vya chumba kimoja vikiwekwa nje huwa vichache sana, mtu hujiuliza alikuwa akifagia nini kila siku. Watu walipita katikati yavyo wakienda kwenye ngoma, na mmoja alimwuliza Kasyoka kama kachiri bado zipo.

Mwende alikuwa amelivua dera, amelikunja vizuri. Alilipeleka kwa jirani akalitoa mlangoni, hakuambiwa aingie. Aliporudi alikaa juu ya godoro pale kichochoroni.

"Baba," alisema, "si ungesema mapema?"

"Nilimwambia jana, mwanangu. Hata wewe nilikuambia."

"Si jana. Siku ile ulipokuwa ukiupaka."

Katika yale yote aliyojifunza kwenye mjengo, Barnabas akatafuta moja la kumjibu. Kisha akainua upande mmoja wa kitanda, Kingi akainua wa pili.

* * *

Kingi aliwapa chumba cha mabati nyuma ya kibanda chake, Mbaraki, mahali ambapo vumbi la gatini, kule meli zinakopakuliwa, linaingia hata ndani ya yai. Akaulalamikia kila mzigo aliowabebea na asichukue ujira. Mji ni mdogo, na jina lilifika kila mjengo kabla ya Barnabas: fundi wa nyoka. Mwiko hakuna aliyempa. Alirudi kubeba karai, kama alipokuwa kijana, akiwapandishia simiti vijana aliowafundisha kushika pimamaji, nao walimwita mzee na kumharakisha.

Mvua za masika zikaja, zikapiga kisawasawa. Kila asubuhi watu walipita kichochoroni kuutazama ukuta, uchi, na miti yake iliyopindapinda imeuegemea kama walevi. Haukuanguka. "Si mwaona?" walisema. "Ungekuwa wa kuanguka, si ungeanguka?" Waliokiona kichwa cha boriti nao wakaanza kusema vumbi lilikuwa jingi, hawakuona vizuri. Ukuta ulioanguka una mashahidi mtaa mzima. Ambao haukuanguka hauna hata mmoja.

Barnabas aliyasikia hayo yote kwa Kasyoka, aliyekuwa bado anapeleka kachiri upande ule kwa kuwa watu hawawezi kumchukia mtu mpaka waache pilipili yake. Yeye mwenyewe hakupita tena. Jioni alikula, akanawa mikono iliyopasuka, akalala akitazama mabati. Mkewe akamwambia siku moja, "Hata ungepiga kelele basi." Akajibu kwamba mabati yana mwangwi.

Kisha jioni moja Kasyoka alirudi mapema, ndoo bado ina pakiti. Alikaa mkabala na mumewe aliyekuwa akila, bila kuvua leso ya kichwa.

"Nimepita kule," alisema. "Nimekuta mtu wa kuni, na gunia lake. Ameona ile miti ni mikavu, ameshika mmoja auvute."

Barnabas aliacha kutafuna.

"Dirisha la juu likafunguka. Bi Maisara. Kwanza amemtupia kiatu. Halafu maji, sijui ya nini. Amepiga ukelele nimedhani ameona nyoka wa kweli. 'Iache! Iache hapo hapo, wana wa watu wamelala humu! Hiyo ndiyo—'"

"Ndiyo nini?"

"Akaniona mimi chini. Akafunga dirisha."

"Hakumaliza?"

"Hakumaliza."

Mwende, aliyekuwa akisoma kwenye taa, aliinua kichwa akamtazama baba yake. Barnabas alinyoosha mkono kwenye ndoo ya mkewe, akatoa kachiri moja, akaitafuna polepole, kama mtu aliyezoea kukuta mchanga.